Wanaoacha chuo hawaagi

Mwanafunzi anayeacha chuo haagi mtu. Haandiki barua, hasimami mbele ya wenzake kusema ameshindwa. Kwanza anahama benchi za mbele, anakaa nyuma karibu na mlango. Kisha anakosa somo la Jumatatu, halafu la Jumatatu na la Jumanne. Simu yake inaita bila kupokelewa. Siku ya intero ya kwanza, yaani jaribio la darasani, jina lake linasomwa, watu wanatazamana, mmoja anasema labda anaumwa, na jina linalofuata linasomwa. Mvua za Januari zikikolea, hakuna tena anayekumbuka alikuwa akikaa mtaa gani.

Nimeyaona hayo hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, miaka kadhaa, kwanza nikiwa mwanafunzi wa uchumi, baadaye nikiwa mmoja wa tuliojitolea kuwalea wanaoingia mwaka wa kwanza. Kwetu tunaitana walezi, ingawa wageni wenyewe wanatuita yaya tu, kama wanavyomwita kaka au dada aliyewatangulia kuzaliwa. Ninaandika kwa sababu nimekuja kuamini jambo moja kwa moyo wote: wengi wanaotuponyoka wana akili za kutosha, na wengi wao hata pesa za mwaka wa kwanza zilikuwa zimepatikana. Walichokosa ni mtu wa rika lao wa kumwuliza swali dogo bila kuona haya, na swali lile dogo likakaa mpaka likawa kubwa.

Lubumbashi ni mji wa wanafunzi tangu zamani. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilifungua milango 1956, bado enzi za Wabelgiji. 1971 kikaunganishwa na vyuo vya Kinshasa na Kisangani kuwa chuo kimoja cha taifa, na 1981 kikasimama tena peke yake. Leo kuna pia taasisi za ualimu, za biashara, za afya, na vyuo vya makanisa na vya watu binafsi. Mkoa wetu wa Katanga uligawanywa 2015 kuwa mikoa minne, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, lakini njia za wanafunzi hazikugawanyika. Wa Kamina, wa Manono, wa Dilolo, wa Moba, wa Kasenga, wote bado wanakuja huku. Wanakuja kwa treni inayolala njiani, wanakuja juu ya mizigo ya malori, wanafikia kwa mjomba mtaa wa Katuba au kwa shangazi mtaa wa Ruashi.

Na wanakuja wakiwa wamebeba furaha ya watu wengi. Matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka, aliyefaulu anamwagiwa pauda kichwani. Anatembea mtaani mweupe mpaka mabegani, watoto wanamfuata wakiimba, mama yake anapiga vigelegele, majirani wanatoka nje kumpa mkono. Baada ya pauda unakuja mkutano wa familia: baba mdogo atatoa kiasi fulani, mbuzi wawili watauzwa, kaka mkubwa anayefanya kazi Likasi atatuma kitu kila mwezi. Mtoto aliyesindikizwa namna hiyo hawezi kupiga simu nyumbani mwezi wa pili wa masomo kusema, "Baba, sielewi anachosema mwalimu." Afadhali anyamaze. Ndiyo maana nasema hawaagi.

Mambo yanayomkuta mgeni si makubwa yakitazamwa moja moja. Hakuna kengele. Ratiba inabandikwa ubaoni na inaweza kubadilika bila mtu kumwambia. Ukumbi umejaa, na asiyefika mapema anasikiliza akiwa dirishani. Mwalimu anasoma kwa Kifaransa cha haraka, na mgeni aliyesoma shule ya kijijini, ambako Kifaransa kiliandikwa ubaoni lakini maelezo mengi yalitolewa kwa Kiswahili, anaandika nusu ya sentensi na kuachwa. Halafu kuna masomo yanayofundishwa na profesa anayetoka mji mwingine: anakuja, anamaliza somo zima kwa wiki moja au mbili, asubuhi na jioni, na kuondoka. Ukiugua malaria wiki ile, somo la mwaka mzima limekupita. Sisi wenyeji wa mambo hayo tunajua la kufanya: unamtafuta aliyeandika vizuri, unanunua silabasi, yaani maelezo ya somo yaliyochapishwa, kabla haijaisha, unajisajili kwa kiongozi wa darasa. Mgeni anadhani mlango umefungwa.

Mimi nilishikwa mkono na binti wa mwaka wa pili aliyekuwa amepanga chumba kwenye parseli yetu, yaani kiwanja nilichokuwa nikiishi. Alinikuta nimekaa nje na daftari la hesabu, kurasa nyingi, kila mstari umejaa, na hakuna nilichoelewa. Akalichukua, akalifunua taratibu, akasema, "Mdogo wangu, usiandike kila anachotamka. Andika vichwa, andika mifano yote, katikati acha nafasi. Jioni tutajaza kwa silabasi yangu." Tulifanya hivyo. Kisha akanionyesha karatasi za intero zake za mwaka uliotangulia, pamoja na ile aliyopata nne juu ya ishirini. Ile nne ndiyo iliyonisaidia kuliko maneno yote. Alikuwa amekaa mbele yangu, amefaulu mwaka, na alianza na nne.

Tangu hapo nina msimamo ambao wenzangu wengine hawakubaliani nao: mlezi mzuri ni wa mwaka wa pili, au wa tatu kwa shida. Anayemaliza chuo ana heshima zaidi na anajua zaidi, lakini ameshasahau. Anasema "hilo somo ni rahisi" kwa nia njema kabisa, na mgeni anasikia kwamba yeye peke yake ndiye mjinga. Wa mwaka wa pili bado anakumbuka ni ukurasa gani uliomkosesha usingizi. Anakumbuka pia dirisha la ofisi ambalo ukigonga saa tano unakuta watu wameondoka, na hilo haliandikwi popote.

Lazima niseme neno kuhusu desturi nyingine ya kuwapokea wageni, ile ya kuwafanya bleu, neno la Kifaransa la kumwita mgeni asiyejua kitu. Ilikuja na vyuo vya Wabelgiji, na kwetu ikaota mizizi: mgeni anapigishwa magoti, anaimbishwa, anapakwa vitu, anatumwa. Wako wanaoitetea wakisema inajenga undugu. Sikubali. Nimewatazama waliopitia hayo, na sijaona hata mmoja akirudi kwa aliyempigisha magoti kumwuliza jinsi ya kusoma. Mtu aliyekuona ukidhalilika ndiye wa mwisho unayetaka akuone hujui. Wiki ambayo mgeni anapaswa kuuliza maswali kuliko wakati wote ndiyo anafundishwa kuinamisha kichwa. Mahali ambapo sisi walezi tumewahi kufika kabla ya hao wengine, wageni wanauliza. Mahali tulipochelewa, wananyamaza.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda zaidi, maana ndilo lililonifundisha kwamba upole peke yake hautoshi. Kukutana, kusalimiana, kupeana moyo, ni kuzuri, lakini kundi linalokutana kwa hayo tu huwa linapungua kila wiki mpaka anabaki mlezi na rafiki zake. Kundi linalokutana kufanya mazoezi linadumu.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba wengine walishaliona. Miaka ya 1970 huko Berkeley, Marekani, Uri Treisman alijiuliza kwa nini wanafunzi Weusi wengi, waliokuwa wazuri sana shuleni kwao, walikuwa wakianguka katika hesabu za mwaka wa kwanza. Watu walikuwa na majibu tayari: hawajitumi, hawakuandaliwa, familia zao hazijali. Yeye akaenda kuwatazama wanavyosoma, wao pamoja na wanafunzi wenye asili ya China waliokuwa wakifaulu. Akakuta familia zinajali sana na vijana wanajitahidi sana, ila walisoma peke yao, kila mmoja na mlango wake umefungwa. Wale wengine walifanya kazi yao kwanza, halafu jioni wakakaa pamoja, wakalinganisha majibu, wakakosoana. Treisman hakuwaandalia wale walioanguka masomo ya kuwafidia walichokosa. Aliwaita kwenye meza ya mazoezi magumu, wafanye pamoja. Nilipolisoma hilo niliwaona vijana wa Manono na Kamina waliojifungia katika vyumba vya Katuba na mshumaa, umeme umekatika, wakiamini kwamba mwanafunzi wa kweli hasumbui watu.

Deanna Martin naye, katika Chuo Kikuu cha Missouri kule Kansas City, alianza 1973 utaratibu ambao umeenea nchi nyingi. Hakutafuta wanafunzi dhaifu. Alitafuta masomo magumu. Somo likijulikana kwamba linaangusha wengi, mwanafunzi aliyelifaulu mwaka uliopita anarudi kukaa darasani na wapya, kisha anaongoza vikao vya mazoezi vilivyo wazi kwa yeyote. Hekima yake naiona katika haya: anayekuja kwenye kikao hajivishi jina la aliyeshindwa. Anakuja kwa sababu somo ni gumu, na hilo kila mtu analijua. Kwa mji kama wetu, ambako mtoto ametoka nyumbani na pauda kichwani, tofauti hiyo ndogo ndiyo inayomfanya aingie mlangoni au apite.

Kwetu uchumi, somo hilo ni uhasibu, na la pili yake ni hesabu. Hapa kuna kitu ambacho walezi wa mahali pengine huenda hawana, nacho kimetusaidia sana. Wanafunzi wetu wametoka sehemu, yaani michepuo, tofauti za sekondari. Aliyesoma biashara na usimamizi anafika chuoni akiwa ameshajaza leja miaka, lakini hesabu za limiti na derivati zinamtisha. Aliyesoma hesabu na fizikia anacheka na derivati, lakini hajawahi kuona akaunti. Na aliyesoma ualimu au Kilatini na filosofia anaogopa vyote viwili, ila anaandika Kifaransa ambacho wenzake wanakililia. Wakikaa kila mmoja kwao, kila mmoja anajiona duni. Tulianza kuwapanga mezani kwa kuwachanganya sehemu hizo, watu watano au sita, mlezi mmoja. Kuanzia hapo mlezi hahitaji kujua kila kitu. Anahitaji kujua nani amuulize nani.

Nakumbuka meza moja, alasiri, chini ya mwembe nyuma ya madarasa kwa sababu vyumba vilikuwa vimefungwa. Binti mmoja wa sehemu ya ualimu alikuwa amekwama kwenye zoezi la kwanza kabisa la uhasibu. Mfanyabiashara amenunua bidhaa kwa pesa taslimu. Jibu la silabasi, kwa mpango wa OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, tunaoufuata hapa Kongo: akaunti 601, manunuzi ya bidhaa, upande wa debiti, akaunti 571, sanduku la pesa, upande wa kredit. Alikuwa amelikariri na hakulikubali. "Yaya," aliniambia, "pesa ndiyo imetoka kwanza. Kwa nini samaki ndiye anaandikwa mbele?" Alisema samaki kwa sababu mama yake anauza samaki wakavu wa Kasenga katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi.

Kabla sijafungua mdomo, kijana wa sehemu ya biashara akamwuliza, "Mama yako akirudi nyumbani jioni, anahesabu nini?" Akajibu, "Anahesabu pesa iliyobaki na samaki waliobaki." Kijana akachora T mbili kwenye karatasi, moja ya samaki, moja ya pesa. "Basi kila kitu kina mahali kilipoingia na mahali kilipotoka. Samaki wameingia hapa, kushoto. Pesa imetoka hapa, kulia. Hatuulizi kipi kilitangulia. Tunauliza kimekaa wapi sasa." Akampa kalamu. Binti akaandika mauzo ya siku, kisha deni la jirani aliyechukua samaki bila kulipa, kisha deni la mama kwa mwenye lori. Alipofika kwenye la mwenye lori aliandika 401 upande wa kulia bila kuambiwa.

Halafu akauliza swali ambalo lilituketisha sote mpaka jua likaanza kushuka. Mjomba wake alipoweka pesa benki, benki ilimwandikia kwamba akaunti yake imewekewa kredit. "Lakini hapa mmesema pesa ikiingia ni debiti. Nani anadanganya?" Yule wa biashara akanyamaza, alikuwa hajawahi kujiuliza. Aliyesoma hesabu na fizikia ndiye aliyelifumbua, yeye ambaye wiki mbili nyuma hakujua akaunti ni nini: "Ile karatasi si daftari la mjomba. Ni daftari la benki. Pesa ya mjomba, kwa benki, ni deni. Benki inamdai nani? Haimdai. Yeye ndiye anayeidai benki." Kwenye vitabu vya mjomba pesa ya benki iko kushoto, kwenye vitabu vya benki iko kulia, na wote wawili wanasema kweli. Meza nzima ikapiga kelele. Nimefundishwa uhasibu na watu wazuri, lakini sijasahau nani alinieleza hilo kwa mara ya kwanza likaingia.

Binti yule hakukosa kikao tena. Siyo kwa sababu nilimpa moyo. Ni kwa sababu swali lake lilikuwa la maana, na watu walikaa nalo.

Wengine hawafiki mezani hata ukiwaita, na hapo lazima uende nyumbani. Tulikuwa na msichana mmoja aliyefikia kwa shangazi yake Katuba. Vikao vya alasiri hakuja hata kimoja, na masomo ya asubuhi alifika amechoka. Hakusema kitu. Dada wawili kati yetu walikwenda kumsalimia shangazi siku ya Jumapili baada ya misa, wakabeba sukari kidogo. Walikaa, waliulizwa wanatoka kwa nani, walijibu, walikunywa chai. Hawakulalamika lolote. Mmoja akasema tu, "Mama, tumekuja kukuona wewe unayemlea mdogo wetu. Sisi tunasoma naye. Huwa tunakaa kufanya mazoezi baada ya saa nane, na yeye ni mwepesi wa kuelewa, tunamtaka." Mama yule akashangaa. Alidhani masomo yanaisha mchana kama shule ya sekondari, na kwamba msichana akichelewa ni mchezo. Maji, kupika, watoto wadogo, vyote vilimsubiri yeye. Siku hiyo hiyo kazi zikapangwa upya, maji yakawa ya mtoto wa kiume wa nyumba, na siku tatu kwa wiki akawa huru. Barua ya chuo isingefanya hivyo. Wale dada wawili walikuwa watoto wa watu, walijua kuketi mbele ya mama wa nyumbani na kuongea kwa adabu.

Kwa wasichana tumeshikilia pia kwamba mlezi awe msichana, na vikao vyote vifanyike mahali pa wazi kabla giza halijaingia. Hatujadili hilo na mtu. Mgeni anayehitaji msaada ni rahisi kudhulumiwa, na anayejifanya yaya kwa nia nyingine amekuwapo kila mwaka.

Pesa inahitaji ukali wa aina yake. Mlezi hakopeshi mgeni, hashiki pesa yake ya minervali, yaani ada ya chuo, hampelekei benki. Mwanzoni wengi wanaona ni roho mbaya. Lakini mwenye deni hujificha, na akishajificha kwa mlezi, amepoteza mtu pekee ambaye angegundua kwamba hayupo. Tunachofanya ni kwenda naye ofisini kabla tarehe ya mwisho haijafika, kuomba kulipa kwa awamu, kumsaidia kuandika barua iliyonyooka, na kumkumbusha apige picha bodero ya benki, yaani stakabadhi ya malipo, siku ileile. Karatasi ile ikipotea, kulipa kwako ni maneno matupu. Nimeona aliyelipa akikaa nje ya mtihani kwa sababu bodero ililowa mvua mfukoni. Chakula ni jambo jingine: saa nane mchana watu wengi mezani hawajala tangu usiku. Tunachanga, tunanunua mikate ya kukaanga kwa mama wa barabarani, inawekwa katikati, hakuna anayehesabu nani alitoa.

Kisha kuna hofu ya matokeo ya kwanza. Katika utaratibu wa zamani wa graduat, shahada ya miaka mitatu, aliyeanguka alirudia mwaka mzima, na wazazi wetu wanaukumbuka huo. Sasa tuko kwenye LMD, mpango wa licence, master na doctorat: mwaka una kredit 60, si kredit ya uhasibu bali vipimo vya uzito wa masomo, thelathini kila muhula, na somo ulilofaulu limefaulu, kredit zake zinabaki zako. Mgeni aliyepata saba juu ya ishirini katika uhasibu anadhani mwaka umekufa. Hajui kuna kikao cha pili cha mitihani, hajui tofauti ya somo moja kuanguka na mwaka kuanguka. Kila mwaka, wiki ya matokeo, tunakaa karibu na ubao, tunawatazama wanaosoma majina yao na kuondoka haraka. Hao ndio wa kuwafuata. Unatembea naye mpaka kituo cha basi, unamwambia akutolee alama zake zote, mnakaa mnajumlisha kwa kalamu. Mara nyingi anakuta ana kredit nyingi kuliko alivyofikiri. Wakati mwingine anakuta chache, na hapo pia ni afadhali ajue.

Hatuwapati wote. Kijana mmoja wa Lualaba, mwepesi wa hesabu kuliko mlezi wake, aliondoka katikati ya muhula. Tulimpigia tukampata Kolwezi, anachimba kobalti kwenye mashimo na wenzake. Baba yake alikuwa amefariki, wadogo zake wanne walikuwa shuleni. Alitushukuru kwa kumpigia, akaomba tumsalimie kila mtu wa mezani kwa jina. Sikumwambia arudi. Nani angelisha wale wanne? Nilichoweza ni kumweleza kwamba kredit zake za muhula wa kwanza ziko salama, na kumtumia picha ya karatasi ya alama. Naendelea kuumia juu yake, na sitakubali mtu amhesabu kati ya walioshindwa. Kuna shimo ambalo ulezi wa wanafunzi hauwezi kulifukia, na anayesema unaweza anawadanganya watu wenye mamlaka wapate sababu ya kutofanya kazi yao.

Kazi yao wanayo. Chumba chenye ubao alasiri, badala ya mwembe wakati wa mvua. Karatasi ya kitivo yenye sahihi na muhuri kwa mlezi aliyetumika mwaka mzima, maana naye kesho atatafuta kazi, na mwajiri wa Lubumbashi haamini neno bila muhuri. Na zaidi ya vyote, orodha ya walioandikishwa ikiwa na sehemu ya sekondari aliyotoka kila mmoja. Orodha hiyo haihitaji kutengenezwa. Kila anayejiandikisha anaambatisha diploma ya taifa, na sehemu yake imeandikwa pale. Tumeizoea kuipata mwezi wa tatu wa masomo, baada ya kuomba ofisi hadi ofisi. Mwaka huu tumepeleka ombi mapema, na walezi wa mwaka wa pili wameshajigawa: nani atakaa na meza za uhasibu, nani na za hesabu, nani atakwenda Ruashi na nani Katuba. Tukiipata wiki ya kwanza, wiki ya pili meza zimekaa.